Uaminifu wa Kazi Isiyoonekana

Kazi za binadamu ni za namna mbili: kazi inayoonekana na kazi isiyoonekana. Kazi inayoonekana ina walinzi wengi. Jicho la mnunuzi huilinda, ulimi wa jirani huilinda, na haya ya mtendaji mwenyewe huilinda pia. Kazi isiyoonekana ina mlinzi mmoja tu, naye ni yule aliyeifanya. Mlinzi huyo akilala, hapana mwingine wa kumwamsha. Basi swali ninalotaka tulipime pamoja, wewe msomaji na mimi, ni hili: Je, mtu ana wajibu wa kuifanya vema kazi ambayo itafunikwa, na ambayo hapana mtu atakayeitazama tena?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya msingi wa nyumba, juu ya mshono wa ndani wa kanzu, au juu ya hesabu za duka. Mimi nitaliuliza juu ya gari, kwa sababu vijana wengi hupenda magari, na kwa sababu katika gari jibu lake si maneno matupu bali ni uhai wa watu.

Nchi ya Kenya ina mapenzi ya siku nyingi na magari yanayopambana na njia mbaya. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yaliyopitia nyika na matope ya Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1989 pana mashindano mengine, yaitwayo Rhino Charge, ambayo hayafuati barabara hata kidogo. Gari hupewa saa 10 kufikia vituo 13 vilivyotawanyika porini, na mshindi si mwenye mbio, bali ni yule aliyevifikia vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenziwe. Fedha zilizopatikana humo zilisaidia kujenga ua wa kuizunguka misitu ya Aberdare, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Magari mengi ya kazi kama hiyo hayakutoka kiwandani jinsi yalivyo. Yameundwa, au yamebadilishwa, na mikono ya wenyewe nyumbani na katika gereji ndogo.

Tuseme, basi, kwamba vijana watatu wa Tononoka, katika kisiwa cha Mombasa, wamejikusanyia akiba wakanunua chasisi kuukuu ya Land Rover ili waunde gari lao la kwendea porini. Gari la namna hiyo lina fundisho ndani yake hata kabla halijaguswa na spana. Lilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo bodi yake iliundwa kwa bati la aluminiamu, lakini chasisi, yaani kiunzi kinachobeba kila kitu, ikaundwa kwa chuma. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kwa sababu hiyo waweza kuliona gari kama hilo limesimama barabarani, bodi yake nzima, milango yake mizima, na huku mifupa yake chini inaliwa kimyakimya. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wangaliishi kuyaona magari haya, wangalisema vilevile juu yake.

Tena Tononoka ni mahali pagumu kwa chuma. Kutu ni mtoto wa chuma, maji na hewa, na chumvi ni mkunga wake. Katika kisiwa kilichozungukwa na bahari upepo wa chumvi haubishi hodi. Huingia kila mahali, kusi na kaskazi. Zaidi ya hayo, chasisi ya gari hilo ni kama mirija ya pembe nne iliyo wazi ndani. Maji na matope huingia humo kwa vitundu, vitundu huziba, na kutu huanza kazi yake upande wa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Vijana wetu wameitenga bodi, wameshusha injini, wamefungua ekseli na springi, na chasisi imelala tupu juu ya magogo. Wanataka kuipaka rangi. Hapo ndipo tunapokutana na jambo la kwanza la kufikiri. Rangi ni kitu kimoja chenye tabia mbili: yaweza kuwa ngao, na yaweza kuwa pazia. Fundi anayeigonga chasisi kwa nyundo shubiri kwa shubiri, akisikiliza mahali inapolia kama kengele na mahali inapolia kama debe bovu. Akakata palipooza na kuchomelea chuma kipya. Akazibua vitundu vya maji. Akasugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Kisha akapaka, huyo amepaka ngao. Na fundi anayepaka juu ya kutu na ufa, huyo ametundika pazia. Siku ya kwanza rangi hizo mbili ni sawa kabisa, na mpita njia atazisifu kwa maneno yaleyale. Tofauti yake si katika rangi, bali ni katika yaliyotangulia rangi. Rangi inayokuja baada ya ukweli huulinda. Rangi inayokuja kabla ya ukweli huuficha.

Jambo la pili lipo katika kuliunga gari upya. Watu wengi hudhani kwamba chasisi ikiisha kupakwa rangi kazi ngumu imekwisha, na kwamba yaliyobaki ni kurudisha tu kila kitu mahali pake. Sivyo. Kuunga ni kazi yenye mpango, na karibu kila hatua yake hufunikwa na hatua inayoifuata. Kwanza hurudi ekseli na springi, kisha mabomba ya breki na ya petroli, kisha injini na giaboksi, kisha nyaya, na mwisho bodi, ambayo hukaa juu ya yote kama kifuniko juu ya chungu.

Tazama mambo machache ambayo bodi hufunika. Mahali chuma kinapokutana na chuma, rangi nene haifai kuachwa. Hubonyea na kumenyeka baada ya safari chache, na bolti iliyokuwa imekaza hulegea. Waya wa betri unaofungwa kwenye chasisi hutaka chuma kitupu. Ukifungwa juu ya rangi, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi, na taa hufifia usiku zinapohitajiwa. Hivyo fundi mwema hujua pa kupaka, na pia hujua pa kukwangua rangi yake mwenyewe ijapokuwa ni nzuri. Tena bushi za mpira zilizo katika ncha za springi zina adabu yake. Nati zake hazikazwi kabisa gari likiwa juu ya magogo. Hukazwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake. Zikikazwa mapema, mpira hujisokota siku gari linaposhushwa, nao huraruka upesi. Na aluminiamu ikilazwa juu ya chuma bila kitu cha kuvitenga, chumvi na unyevu huvigombanisha, na aluminiamu huliwa.

Sasa bomba moja la breki limeonekana lina kutu. Ni bomba jembamba, linapita juu ya chasisi, na kesho litafunikwa na sakafu. Jipya halipatikani mpaka wiki ijayo. Kijana aliyetoa fedha nyingi kuliko wenziwe anasema, "Fundi, Ijumaa tunataka kwenda Taita. Lipake rangi na hilo bomba, tufunge bodi. Nani atakayeliona?"

Swali lake si la kijinga. Ndilo swali letu lenyewe, na linastahili jibu.

Hoja yake ni kwamba wajibu hufuata jicho: kinachoonekana kina haki ya kufanywa vema, kisichoonekana hakina. Lakini ipime hoja hii uone itakupeleka wapi. Mlango wa gari ukiwa umekwenda upande, abiria atauona. Aweza kukataa kupanda, aweza kudai upunguziwe bei, aweza kuurekebisha mwenyewe. Jicho lake ni silaha yake. Bali bomba lililo chini ya sakafu hawezi kuliona. Kwa hiyo hana silaha yo yote juu yake. Anapoketi na kufunga mlango ameuweka uhai wake mikononi mwa mtu asiyekuwapo, juu ya jambo asilolijua. Katika lugha yetu kitu kilichowekwa hivyo mikononi mwa mtu kina jina lake: huitwa amana. Basi mambo yamepinduka. Kazi isiyoonekana haina wajibu mdogo kuliko inayoonekana. Ina wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa palipo na jicho mtu hujilinda nusu, na pasipo na jicho ametuachia ulinzi wote.

Mabaharia na mafundi wa pwani hii walilijua jambo hili tangu zamani. Jahazi lilipopandishwa ufuoni, mafundi hawakuanza na nakshi za tezi. Walianza chini, kwenye mkuku na mbao zilizo karibu nao. Walitia kalafati katika kila mwanya, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa sehemu ambayo ingezama majini. Maji yalipojaa na chombo kikaelea, kazi yao yote ilizama pamoja na tumbo la jahazi. Watu waliokuwa gatini waliona tanga na nakshi. Nahodha alipofika katikati ya bahari hakubebwa na nakshi. Alibebwa na kalafati.

Yamkini msomaji utanipinga kwa hoja mbili. Utasema kwanza, kama kila kilichofichika hakina budi kuwa kamili, hapana kazi itakayokwisha, na maskini hatamiliki gari kamwe. Hoja hii ina haki, lakini ina mipaka yake. Si kila kitu kilichofichika kimebeba uzito sawa. Alama ya brashi katika rangi ya chini haitamwua mtu. Doa la mafuta nyuma ya bati halitamwua mtu. Breki, usukani, na viungo vya chasisi huweza kumwua. Kipimo, basi, si kuuliza, "Je, kitaonekana?" wala si kuuliza, "Je, ni kamili?" Kipimo ni kuuliza, "Kikishindwa, nani ataanguka nacho?" Palipo na uhai wa mtu, maliza. Palipo na pambo tu, ngoja upate nafasi.

Utasema pili, fundi ni mtu wa kuajiriwa. Mwenye mali amekwisha amri, na fundi ana watoto wa kulisha. Huu ndio ugumu wa kweli, wala sitaufanya mwepesi. Ni rahisi kuhubiri uaminifu kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni hakikutegemea neno lako. Lakini tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuacha kazi bila kumaliza, na kuificha kazi isiyomalizika. La kwanza laweza kuwa lazima. La pili ni hiari. Fundi asiye na bomba jipya aweza kusema, "Bwana, bomba hili silipaki rangi, na sakafu sifungi. Ukitaka kuondoka nalo, ondoka ukijua, na hao utakaowapakia nao wajue." Huenda akakosa malipo ya siku hiyo. Hata hivyo hajamnyang'anya mtu jicho lake. Upungufu uliotajwa ni ufa ulio wazi, na ufa ulio wazi huzibwa. Upungufu uliopakwa rangi hungojea mteremko wa kutoka Wundanyi kushuka Mwatate, na gari limejaa watu, na mguu wa dereva umekanyaga breki ukazama mpaka chini.

Utauliza, na mwenye fedha je? Yeye pia ana sehemu yake. Anayeagiza gari kwa Ijumaa, akalipa nusu, akakataa kungoja, amenunua pazia kabla fundi hajalishona. Si haki mzigo wote wa uaminifu kutwikwa yule aliye chini ya gari, hali aliye juu amekwisha kuufanya uaminifu uwe ghali. Jamii inayosifu mng'ao peke yake itapata mng'ao peke yake. Ukitaka kazi ya ndani, jifunze kuiulizia, kuitazama kabla haijafunikwa, na kuilipia.

Wewe unayesoma maneno haya huenda usishike spana maisha yako yote. Huenda ukawa muuguzi, na kipimo cha dawa unachomimina hakiujui mgonjwa. Huenda ukawa karani, na safu ya tarakimu haitakaguliwa. Huenda ukawa mwalimu, na mtoto hatajua kwamba hukulitayarisha somo. Katika kila kazi pana mahali ambapo bodi hushuka na kufunika, na kabla ya hapo pana dakika chache ambazo wewe peke yako unajua kilichomo. Dakika hizo ni fupi, nazo hazirudi bila kulifungua gari zima upya.

Dakika hiyo ikikufikia, usijiulize nani atakayeona. Jiulize nani atakayepanda. Kisha, bodi ikiisha kufungwa na gari likiisha kwenda safari yake ya kwanza, lirudishe, ingia chini yake, na kaza nati zako mara ya pili; kwa maana hata nati iliyokazwa kwa uaminifu hulegea kidogo ikianza kubeba mzigo.