Kuku Hahesabiwi

Kuna kipimo cha nguvu za mwanamke mkulima ambacho ndani yake kuku hahesabiwi. Si fumbo. Kinaitwa Fahirisi ya Uwezeshaji wa Wanawake katika Kilimo. Kilizinduliwa mwaka 2012 na taasisi ya utafiti wa sera za chakula, IFPRI, pamoja na watafiti wa umaskini wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la USAID, baada ya kujaribiwa Bangladesh, Guatemala na Uganda. Kinaangalia mambo matano: maamuzi ya kilimo, mali, mapato, uongozi na muda. Mwanamke akifikisha asilimia 80 ya alama, anaandikwa amewezeshwa. Asipofikisha, bado. Na katika toleo hilo la kwanza, walipouliza nani ana usemi mali ya shamba ikinunuliwa au kuuzwa, usemi juu ya kuku na jembe tu haukukupa alama. Ng'ombe, sawa. Ardhi, sawa. Kuku, hapana.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Wengi wetu tunaosoma haya tukiwa kwenye vyumba vyetu vya Roysambu na Umoja tumefikishwa huku na kuku. Kuku ndiye huuzwa bila kikao. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya karo saa nne asubuhi, hakuna anayesubiri mzee arudi kutoka sokoni. Kuku wawili wanafungwa miguu, na kufikia mchana mtoto yuko darasani. Sasa mtu aniambie hiyo si nguvu?

Lakini tuwape haki yao waliotunga kipimo. Kwani kuku alifikaje mikononi mwa mama? Hakuna aliyekaa chini akampa. Mzee alimdharau kuku, akamwacha, kama alivyoziacha mboga za kienyeji nyuma ya jiko. Siku kuku wanne wa kienyeji watakapogeuka kuwa broila mia tatu, na hoteli ya mjini ianze kupiga simu, ndipo utamsikia mzee akiuliza gunia la chakula cha kuku linauzwaje. Kwa hivyo swali si dogo. Uhuru ulio nao kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kukunyang'anya, ni uhuru kweli?

Nadhani ni uhuru, ila ni ule wa mpangaji. Unalala humo, unapika humo, watoto wanakulia humo, lakini kuna mtu mwingine mwenye ufunguo, na siku akitaka kuingia hatabisha hodi.

Swali hili nililikuta tena kazini. Kama wengi waliomaliza chuo wakakosa ajira, niliwahi kuchukuliwa kwa wiki chache kukusanya data, kishikwambi mkononi, katika vijiji vya majani chai. Hojaji yetu ilifuata mkondo huohuo: nani kwa kawaida huamua mtapanda nini, nani huamua pesa zitumikeje. Majibu ya kuchagua yalikuwa machache: mimi, mume wangu, sote pamoja. Mama mmoja alinijibu huku akichambua maharagwe.

"Tunaamua pamoja."

"Mnaamuaje, mama?"

"Yeye anasema, mimi nasema sawa."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Na kabla aseme, mimi nimekuwa nikimwambia siku tatu. Andika pamoja, mwanangu."

Nikaandika pamoja. Lakini nani aliamua? Ukisikia nusu ya kwanza ya jibu lake, huyu ni mwanamke asiye na usemi. Ukisikia nusu ya pili, yeye ndiye mwenye boma, na mzee ni msemaji wake tu. Ukimsikiliza tena, unaona kuwa ili apate anachotaka lazima kwanza kionekane ni wazo la mtu mwingine, na hiyo gharama analipa yeye kila msimu. Yote matatu yako ndani ya neno moja, na kwenye fahirisi kuamua pamoja kunatosha kupewa alama.

Unaweza kusema basi tumwulize mwenyewe kama ameridhika, tumalize. Hapo ndipo Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa wa India, alipoweka kizuizi. Alirejelea utafiti wa afya uliofanywa Singur, karibu na Calcutta, mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kuu ya Bengal. Kati ya wanaume waliofiwa na wake zao, asilimia 48.5 walisema afya yao ni mbaya au si nzuri. Kati ya wanawake waliofiwa na waume zao, ni asilimia 2.5 tu waliosema hivyo. Sen hakuamini kuwa wajane hao walikuwa na afya ya chuma. Alichoona ni kwamba mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kutaka kidogo, mpaka kilio chenyewe kikauke. Ukimuuliza, atakuambia yuko salama.

Ndiyo maana fahirisi haikutegemea kuridhika pekee. Ilihesabu pia saa. Mtu anakumbuka alichofanya saa 24 zilizopita, na akipita saa 10.5 za kazi, kwenye kipengele hicho hapati alama. Katika toleo la kwanza, kazi inayofanywa sambamba na nyingine ilihesabiwa nusu. Ukiwahi kumwona mtu akipalilia na mtoto mgongoni, utajiuliza huyo mtoto ni nusu ya kazi kivipi. Lakini angalau saa hazina haya. Hazisemi niko sawa wakati haziko sawa.

Kuna hatari ya upande wa pili, na sisi wa mjini ndio tunaianguka haraka. Tukishajifunza kwamba mtu anaweza kuzoea dhuluma, tunaanza kumwona kila mama wa mashambani kama mtu asiyejua anachotaka. Akisema ameridhika, ati amezoea. Akilalamika, ati sasa amezinduka. Kwa hesabu hiyo hana jibu analoweza kutoa likawa lake. Yule mama wa maharagwe alijua vizuri kabisa anachofanya. Alijua hata sanduku gani la hojaji linamfaa.

Marafiki zangu kadhaa, wengi wao washairi, husema basi tuache kupima. Utu haupimwi. Ningekubali kama kutopimwa kungemwacha mwanamke salama, lakini Kenya haimwachi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa inagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na inataja kwamba mchango si pesa tu: kuna kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usuhuba, hata kazi ya shamba. Januari 2023, katika kesi inayojulikana kama JOO dhidi ya MBO, Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Kifungu cha 45 cha Katiba hauleti mgao wa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu athibitishe alichochangia. Mwanamke wa kesi hiyo alipata nusu yake, kwa sababu mchango wake ulionekana.

Sasa fikiria mkulima wa miaka thelathini ya ndoa anayesimama mbele ya hakimu. Athibitishe na nini? Kupalilia hakuna risiti. Kuteka maji hakuna risiti. Usipopimwa mapema na mtu anayekuelewa, utapimwa siku ya mwisho na mtu asiyekujua, huku wakili wa upande wa pili akiuliza una karatasi gani.

Na hata risiti ikiwepo, angalia jina lililo juu yake. Majani chai yana mizani. Mama anachuma tangu umande, anabeba kikapu hadi kituoni, anapanga foleni, majani yanapimwa, kilo zinaandikwa. Kilo ni za kweli kabisa. Lakini zinaingia kwenye namba ya mkulima aliyesajiliwa, na katika nyumba nyingi namba hiyo ni ya mzee, kwa sababu ardhi ni ya mzee. Bonasi ikitoka, inafuata namba. Hapo mizani haikusema uongo hata gramu moja. Ilisema ukweli, ila ukweli huo ulienda kwa mtu mwingine.

Hicho ndicho kinachonisumbua kuhusu kishikwambi changu. Kila jioni tulibonyeza kutuma, na majibu ya wanawake wale yakapanda hewani kwenda ofisi ambazo hawatazikanyaga. Mkataba wetu haukuwa na siku ya kurudi. Hakuna mama aliyeambiwa alipata alama ngapi, wala ni wapi alipungukiwa, wala jirani zake walisema nini. Tangu 2012 fahirisi imeboreshwa; toleo la miradi sasa linauliza hata kuhusu heshima ndani ya nyumba na kama ni sawa mume kumpiga mke. Hayo ni maswali mazuri. USAID nayo ilifungwa Julai 2025. Mwenye mizani akiondoka, aliyepimwa anabaki na nini mkononi?

Linganisha na chama. Kwenye chama cha akina mama, mweka hazina anasoma daftari kwa sauti. Kila mmoja anasikia jina lake na shilingi zake, na asiyekubaliana anasimama papo hapo na ugomvi unaanza. Vingine vina sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu tofauti. Sisemi chama ni peponi. Kuna waweka hazina waliotoroka, na aliye maskini zaidi hayumo daftarini kabisa kwa kukosa mchango wa wiki. Lakini pale aliyepimwa anaweza kuisoma hesabu yake, anaweza kuipinga, na kesho anaweza kwenda kukopa nayo. Kipimo kinachokosa mambo hayo matatu, hata kikiwa na hisabati safi namna gani, ni kilo za chai kwenye namba ya mtu mwingine.

Kwa hivyo tupime, lakini hesabu irudi kijijini kabla ya kwenda Nairobi na Washington. Isomwe mbele ya waliohesabiwa. Waulizwe wao kama kuku aingie.

Na tusidhani tunajua watakachojibu. Jamii nyingi za nchi hii zilikuwa na mwiko wa kuhesabu watoto au mifugo kwa sauti, na tulifundishwa kuuita ushirikina. Mama anayejua kwamba kitu kikishakuwa na bei mzee huanza kukiulizia, anaweza kusikiliza swali letu mpaka mwisho, akatabasamu, akasema kuku asiandikwe. Hapo tutalazimika kuandika kwamba alikataa, na kwamba huo nao ulikuwa uamuzi.