Deni la Moshi

Mgeni afikaye Kinyala, wilayani Rungwe, husifu hewa kabla ya kusifu kitu kingine. Mvua ni nyingi, migomba na chai hustawi, na msongamano wa magari wa Dar es Salaam uko mbali. Sifa hiyo ni kweli kwa yule asimamaye barabarani. Kwa yule achocheaye kuni jikoni, mlango umefungwa, si kweli hata kidogo. Basi hewa ya mahali ipimwe kwa mbingu yake, au kwa pumzi za watu wake?

Hatari kubwa ya moshi haimo katika kile kitoacho machozi, bali katika chembe zisizoonekana. Chembe yenye upana wa mikromita 2.5 ni kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hupita puani na kooni ikashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Kwa watoto huleta kichomi. Kwa watu wazima huleta maradhi ya mapafu, ya moyo, na kiharusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Lakini kipimo kimoja hakifanyi hatari moja. Nchini Marekani, uchunguzi wa Francesca Dominici na wenzake, uliotolewa mwaka 2006, ulitazama wazee wapatao milioni 11.5 katika wilaya 204. Ukaonyesha kwamba chembe hizo zilielekea kuwapeleka hospitali wagonjwa wa moyo zaidi upande wa mashariki kuliko magharibi. Hapana haja ya kwenda mbali ili kufahamu jambo la namna hii. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, joto humruhusu mpishi kutoka uani. Tukuyu, mvua na baridi ya Juni na Julai humrudisha ndani. Kuni ni zile zile na chungu ni kile kile, lakini pumzi si moja.

Hata hivyo, tofauti nzito kuliko zote haimo baina ya wilaya na wilaya. Imo baina ya jiko na sebule ya nyumba moja. Sebuleni hukaa wasubirio chakula. Jikoni hukaa mama, na mtoto mgongoni.

Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulinaswa na ukungu juu ya mji wa London kwa siku 5. Vifo vipatavyo 4,000 vilihesabiwa, na makadirio ya baadaye yakafika 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya hewa safi. Mtunga sheria alikuwa amevuta moshi ule ule uliovutwa na mchukuzi wa bandarini. Moshi wa jikoni haumfikii mtunga sheria. Kwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, na hapana mji uliosimamisha kazi kwa ajili yao. Liwapatalo wengi kwa siku moja huitwa msiba. Limpatalo mmoja kila siku huitwa desturi.

Yuko atakayesema kuwa moto si adui, naye ana haki. Moto huo hupasha watoto joto, hukausha mahindi darini, na hukusanya vijana na wazee. Tena kuni huokotwa, gesi hununuliwa. Kumwambia mama kuwa moto wake unaua, kisha kumwacha bila moto mwingine, ni kumtwika hatia juu ya mzigo wa kuni. Elimu ya namna hiyo humfariji aitoaye kuliko aipokeaye.

Figa moja haliinjiki chungu. Figa la kwanza ni mwenye nyumba: ajengaye sebule yenye madirisha mawili na jiko lisilo na hata moja amekwisha kuamua ni pumzi ya nani iliyo na thamani. Dirisha, dohani na jiko banifu hazimalizi moshi, lakini huupunguza. Figa la pili ni serikali. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya watu wake kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa na miaka 10 siku ya kulifikia, na mapafu hayangoji mikakati. Figa la tatu ni mataifa yenye mali, ambayo mwezi ule ule, mjini Paris, yaliahidi pamoja na wafadhili wengine dola bilioni 2.2 kwa upishi safi wa Afrika. Ahadi haiivishi maharage mpaka itimizwe.

Kila alaye chakula kilichopikwa kwa pumzi ya mwingine ana deni. Shukrani ni adabu njema, lakini hailipi deni hilo. Hulipwa siku mpishi atakapovuta hewa ile ile ivutwayo na mlaji.