Huyo ni nani wako?

Mara ya kwanza kuitazama The Hunger Games nililia, na sikulia peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu, tumebanana mbele ya laptopu ya kuazima sebuleni kwetu Kizingo, feni ikipiga kelele kuliko filamu. Unaijua ile sehemu. Watoto wamepangwa uwanjani, majina yanachotwa kwenye chombo cha kioo, na linaloitwa ni la Prim, mtoto wa miaka 12. Kabla hajafika jukwaani dada yake, Katniss, anajitokeza kwenda badala yake. Yaani kwenda kufa. Dada yangu akapangusa macho, akanitazama, akasema, "Wewe ningekuacha wende." Tukacheka mpaka mama akatufokea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sehemu ile inatutoa machozi kirahisi hivyo. Nadhani ni kwa sababu haina mjadala. Ukiniambia mtu amejitolea kufa kwa ajili ya nchi, nitauliza nchi gani, na nani kamtuma. Kwa ajili ya chama, ndiyo kabisa. Ukiniambia ni kwa ajili ya mdogo wake, siulizi kitu. Hadithi za distopia, zile za dunia ya kesho iliyoharibika, zinalijua hilo. Zinabomoa kila kitu, sheria, shule, hata jina la nchi, halafu zinatubakizia ndugu wawili ili tupate pa kushika.

Lakini ukitulia, kuna jambo linakera. Kabla ya kuondoka, Katniss anamwahidi Prim kwamba atajaribu kushinda. Sasa piga hesabu. Wanaoingia mchezoni ni watoto 24, anatakiwa atoke mmoja. Kwa hiyo ahadi ya kurudi kwa Prim ina maana wengine 23 wasirudi kwao, na wao pia wana wadogo zao. Sisi watazamaji hatuwahesabu, manake tayari tuna wetu wa kumlilia.

Hili nililielewa vizuri mwezi wa Mei 2020, na si kwenye filamu.

Tarehe 6 mwezi huo serikali ilitangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, umefungwa kwa sababu ya korona. Hakuna kuingia wala kutoka, siku 15. Baadaye zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Ilikuwa Ramadhani. Kafyu nayo ilikuwepo tangu Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo dada yangu alikuwa ameshaolewa, anakaa Kibokoni. Kutoka kwetu hadi kwake ni nusu saa kwa miguu, na hapo umesimama njiani kunywa madafu. Ghafla akawa kama yuko nchi nyingine.

Dada ana pumu. Siku ya tano akapiga simu kusema dawa yake ya kuvuta inakaribia kwisha. Nikainunua, nikaitia kwenye mfuko pamoja na tende na unga, nikavaa barakoa, nikatembea hadi kizuizini. Yeye alikuwa ameshafika upande wa pili, hatua kama kumi hivi, ananipungia mkono kama tuko uwanja wa ndege.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, ameshika kifurushi kidogo cha karatasi. Alisema ni dawa za sukari, za mzee aliye huko ndani.

"Huyo mzee ni nani wako?" askari akamuuliza.

"Jirani yangu wa zamani, mwanangu. Hana mtu."

"Jirani? Rudi nyumbani, mama. Hapa ni familia peke yake."

Ikafika zamu yangu. Swali lile lile.

"Dada yangu, yule pale. Tumbo moja."

Mfuko ukapita.

Yule mama alikuwa bado hajaondoka. Alisimama kando, kifurushi mkononi, ananitazama. Yalihitajika maneno manne tu: mama lete, dada atampelekea. Sikuyasema. Niliogopa askari akibadili nia, mfuko wangu nao utarudishwa. Nikatoa simu nikajifanya nasoma ujumbe.

Ungeniuliza siku ile, ningekujibu kwamba nilifanya vile kwa ajili ya dada yangu. Na ni kweli, ndiyo maana linanisumbua mpaka leo. Mtu akijipendelea mwenyewe tunamwita mbinafsi, na yeye mwenyewe anaona haya. Akimpendelea ndugu yake tunamsifu, tunamtungia filamu. Mimi pale kizuizini nilikuwa mwoga, lakini nilikuwa na sababu nzuri ya kujificha nyuma yake. Jina la dada likawa kibali changu cha kupita, halafu likawa kisingizio changu cha kutomwona mtu.

Sisemi nimpende kila mtu kama ninavyompenda dada. Siwezi, na anayedai anaweza simwamini. Swali langu ni dogo zaidi: mapenzi ya ndugu yanakufundisha kuwaona wengine, au yanakufumba macho?

Katika riwaya yenyewe, ile ya Suzanne Collins ya mwaka 2008, jibu lipo, ila linapita haraka. Katniss anakutana na Rue, mtoto wa wilaya nyingine, naye ana miaka 12. Kwa sheria za mchezo ni adui. Ila anamkumbusha Prim, na kwa sababu hiyo Katniss anashindwa kumwona kama adui. Rue anapouawa, anamfunika kwa maua. Kisha watu wa kwao Rue, maskini wa kutupwa, wanamtumia Katniss mkate. Haijawahi kutokea wilaya ikampa zawadi mtoto wa wilaya nyingine. Serikali ile imejenga mchezo wake ikitegemea kwamba kila mtu atamlilia wake tu, na mkate ule unaharibu hesabu. Hata Prim mwenyewe, katika kitabu cha mwisho, anakufa akiwa amekwenda kuwahudumia watoto waliojeruhiwa, watoto asiowajua.

Kiswahili kimelifikiria jambo hili zamani. Kuna ndugu wa tumbo moja, na kuna ndugu wa kunyonya, mlioshiriki maziwa bila kushiriki damu. Tunasema pia heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Na Katama Mkangi, mtu wa huku huku Pwani, alitoa mwaka 1995 riwaya ya mtu aliyehukumiwa kifo akarushwa angani ndani ya chombo, akafika kwenye jamii iliyo bora kuliko aliyotoka. Jamii hiyo akaiita Walenisi. Likate hilo neno upate maana yake: wale ni sisi.

Mimi nimelelewa na dada aliyekuwa akiamka usiku hawezi kupumua. Najua sura ya mtu anayesubiri dawa, najua na sura ya anayeitafutia dawa hiyo. Kwa hiyo siwezi kusema sikumtambua yule mama. Nilimtambua vizuri sana. Alikuwa mimi, ila hakuwa na jibu ambalo askari alilitaka.

Usiku ule baada ya futari dada alinipigia. Alishukuru, akalalamika kwamba tende nimempunja, tukataniana kidogo. Kisha akauliza, "Yule mama pale kando alikuwa ataka nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza.

"Si ungenipa mimi? Huyo mzee akaa mtaa gani?"

Sikuwa nimeuliza. Hata jina.

Kesho yake akaanza kumtafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, barakoa usoni na dawa yake ya pumu mkobani, akiuliza kama kuna mzee mgonjwa wa sukari anayeishi peke yake.