KADI YA JIMU SI HIRIZI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetupa miili hii hali hatukuiomba wala hatukuilipia, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Tumeletewa suala na ndugu zetu wa pwani wanaokaa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Pumwani na Majengo yake, Shauri Moyo, Kaloleni, Jericho, Buruburu, Umoja mpaka Kayole. Wauliza: Je, kuna faida Mwislamu kujiandikisha katika nyumba za mazoezi ziitwazo jimu, akatoa ada kila mwezi, ili apate nguvu na siha? Wazee wengine wasema huo ni upuuzi na israfu, na ni kuigiza mambo ya watu wengine. Vijana nao wasema kuwa asiyekwenda jimu zama hizi hana siha. Na kila upande wapenda dini iwe shahidi wake.

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii. Kuutunza mwili ni haki tuliyowajibishwa. Jimu ni chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo vingi vya kuitimiza haki hiyo. Mwenye kukitumia hupata faida, na mwenye kukinunua akakiacha hupata khasara. Tena wengi katika ndugu zetu wa Eastlands wanacho chombo kingine mlangoni pao, kisichokuwa na ada, nao hawakitazami. Sasa tufafanue.

KUTAFUTA NGUVU SI KUIGIZA

Kwanza yafaa tuliondoe hili neno la kuigiza. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kwamba wote wawili wana kheri. Wanavyuoni wameieleza nguvu hiyo kuwa ni ya imani na azma, na mwili ndio mnyama anayeibeba azma. Na Qur'ani imetueleza, katika Suratul-Baqara, kuwa Taluti aliteuliwa kuwa mfalme kwa kuzidishiwa wasaa wa elimu na wa mwili. Tazameni, elimu ilitangulia kutajwa, lakini mwili haukuachwa.

Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa, na mara ya pili akashinda, akamtania kuwa sasa wamelipana. Khabari hiyo ameipokea Abu Daud. Aliwaacha Mahabushi wakacheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi. Iko pia khabari mashuhuri ya kupigana kwake mieleka na Rukana, lakini isnadi yake imezungumzwa na wanavyuoni, kwa hivyo hatuitegemei, na wala hatuna haja nayo maadamu yaliyo sahihi yatutosha.

Basi asemaye kuwa mazoezi ni mambo ya watu wengine, sisi twamwambia: ndugu yetu, wewe umeiacha mali yako njiani, akaiokota mwengine, kisha ukaona haya kuidai.

Na kuna walio kinyume chao, wasemao kuwa swala tano ni mazoezi tosha, hapana haja ya zaidi. Maneno haya twayasikia hata katika mimbari, nayo si sawa. Swala ni ibada, na mwenye kuinama ili anyooshe mgongo amepoteza nia yake. Tena rakaa 17 za faradhi, pamoja na baraka zake zote, hazikuwekwa kuupigisha moyo mbio. Masahaba walikuwa wakiswali kutushinda sisi, na juu ya hayo walikuwa wakitembea, wakilima, wakipanda farasi na kurusha mishale.

MARADHI YALIYO MAJUMBANI MWETU

Jambo hili si la mchezo. Hakuna nyumba ya watu wa pwani, iwe Mombasa, Lamu au Majengo ya Nairobi, isiyokuwa na mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, au isiyomzika mmoja wao. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda, na kwamba wengi hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Na katika wanawake, karibu wanne katika kila kumi walikuwa wamezidi uzito unaofaa.

Nasi twasema "amri ya Mungu", kisha twarudi kwenye sinia. Ndiyo, ni amri ya Mungu. Lakini ni amri yake vilevile kuwa tusijitie wenyewe katika maangamizo. Mwili unapofanya kazi, misuli huichukua sukari iliyomo damuni na kuitumia. Ukikaa barazani mchana kutwa, sukari hubaki pale ilipo. Huu ni mpango wa Muumba, na daktari hakufanya ila kuusoma.

KADI NA HIRIZI

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa miaka mingi wanavyuoni wa pwani wamewakataza watu kuvaa hirizi kwa kutaraji kinga. Mtu hulipa fedha, hufunga kitu shingoni, kisha hulala akiamini kuwa kile kitu kitamtendea kazi. Je, yule aliyelipa ada ya jimu mwezi wa Januari, akaitia kadi mfukoni, akaenda siku nne, kisha akaacha, na huku akiwaambia watu "mimi ni mwanachama", ana tofauti gani na mwenye hirizi? Wote wawili wamenunua utulivu wa moyo wakadhani wamenunua siha.

Tuufanye hesabu mfano wake. Tuseme ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani shilingi 24,000 kwa mwaka. Mwenye kwenda mara 3 kila juma atakwenda kama mara 156 kwa mwaka, na kila mara itakuwa imemgharimu shilingi kama 154. Mwenye kwenda mara 2 kwa mwezi atakwenda mara 24 tu, na kila mara imemgharimu shilingi 1,000. Mlango ni mmoja na vyuma ni vile vile. Wa kwanza amefanya biashara njema, na wa pili ameingia katika israfu tuliyokatazwa. Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa jimu ni israfu au si israfu mpaka tuitazame miguu ya anayeuliza.

Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Siha nayo huenda kwa kanuni hiyo hiyo. Nguvu iliyopatikana kwa miezi mitatu huanza kupotea kwa majuma machache ya kulala.

NANI ANAYEIHITAJI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema mtu mzima yamtosha dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za juhudi kubwa, pamoja na kuitumikisha misuli siku 2 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Mwenye msikiti ulio mwendo wa dakika 10 kutoka kwake, akenda na kurudi kwa miguu mara 2 kwa siku, tena kwa mwendo wa haraka kidogo, amekwisha tembea dakika 40. Bani Salima walipotaka kuhama waje karibu na msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Leo mtu wa Pumwani hupanda pikipiki kwenda Msikiti wa Riyadha, kisha hutafuta jimu iliyo na mashine ya kutembelea pasipo kufika popote!

Watazameni watokao Kaloleni na Shauri Moyo alfajiri, wakashika njia kwa miguu hadi eneo la viwanda, na jioni wakarudi kwa miguu. Hao wamekwisha kuilipa haki ya moyo na ya mapafu. Na akaaye katika maghorofa ya Umoja au Kayole, yasiyokuwa na lifti, amepewa ngazi bure. Tena vijana wa mitaa hiyo wajua kutengeneza vyuma vyao kwa makopo yaliyojazwa saruji na vipuri vikuukuu vya magari, wakafanya mazoezi uani. Hatuoni aibu yoyote katika hayo. Ila wahakikishe vimefungwa barabara visije vikawaangukia.

Lakini wako ambao jimu yawafaa kweli. Akaaye kitini ofisini au dukani tangu asubuhi hadi usiku. Anayetoka ugonjwani akaamrishwa na daktari kuirudisha nguvu ya mguu au mkono. Mtu wa makamo, ambaye misuli yake imeanza kupungua, naye hana nafasi ya kujifunza kwa usalama ila mbele ya mwalimu. Na yule ajijuaye kuwa peke yake huvunjika moyo, na akiwa na wenzake huendelea. Hao, wakiwa na uwezo baada ya chakula cha watoto, kodi na karo, wajiandikishe bila ya wasiwasi, na nia yao ikiwa njema tunawatarajia thawabu.

SOMO LA FARASI

Atakayekwenda, twamnasihi asianze kwa pupa. Katika hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi kwa makundi mawili. Wale waliotayarishwa, waliolishwa kisha wakapunguziwa chakula na kutokezwa jasho mpaka wakakaza, walikimbizwa kutoka Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, maili 5 au 6. Wale wasiotayarishwa walikimbizwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, maili moja tu. Ikiwa Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma farasi asiyezoea, wewe mwenye miaka 45 na kitambi, wachukuani siku ya kwanza chuma cha kijana wa miaka 20? Mwenye shinikizo la damu akapimwe kwanza, na asinyanyue kizito huku ameizuia pumzi.

Na tumbo lisisahauliwe. Tumefundishwa kuwa hakuna chombo kiovu zaidi mwanadamu akijaze kuliko tumbo lake, na ikiwa hana budi, basi thuluthi ni ya chakula, thuluthi ya maji, na thuluthi ya pumzi. Saa moja ya jasho haiwezi kuishinda sahani ya biryani iliyofuatwa na mahamri na chai ya sukari nyingi.

MASHARTI

Tukisema yafaa, hatukusema yafaa kwa kila namna. Kwanza, swala. Jimu nyingi hujaa jioni, na Magharibi haingojei mtu. Aliyeunyanyua mwili wake akaiangusha swala yake amekula khasara. Pili, stara: mwanamume asitiri baina ya kitovu na magoti, na wanawake na wanaume wasichanganyike. Tatu, dawa za vidonge na sindano za kuvimbisha misuli, ambazo hudhuru moyo na ini, na huharibu hata uzazi. Hizo hatuna ruhusa nazo. Nne, kiburi: asiufanye mwili kuwa sanamu, akawa hushinda mbele ya kioo akijitazama.

Na palipo na masumbwi, tutenganishe. Kujifunza kukimbia, kuruka kamba na kupiga gunia ni mazoezi. Kupigana usoni Mtume (S.A.W.) amekukataza. Robert Wangila aliiletea Kenya medali ya dhahabu ya masumbwi huko Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 akafariki Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Nguvu kama ile ni neema, na kichwa ni amana.

WANAWAKE WETU

Hapa twataka kusema wazi, ijapokuwa wengine hawatapenda. Mwanamume wa Eastlands akikosa jimu ana barabara na ana viwanja. Mkewe hana. Kutembea peke yake Magharibi ataogopa wezi, na akikimbia mchana atachekwa. Kisha twamlaumu kwa unene, na twamzika kwa sukari. Bibi Aisha (R.A.) alikimbia na Mtume wa Mwenyezi Mungu, na wewe wamkataza mkeo hata saa moja ya faragha na wanawake wenzake!

Kwa hivyo twatoa shauri. Kila darasa na kila kamati ya msikiti iliyo na ukumbi au chumba cha madrasa kilicho kitupu asubuhi, ikitenge mara mbili tatu kwa juma kwa ajili ya wanawake, kwa mwalimu mwanamke, mlango umefungwa. Palipo na jimu, waende wanawake kumi pamoja wamwombe mwenyewe saa yao maalumu. Mwenye biashara hawakatai wateja kumi. Gharama yake haifiki ile ya karamu moja ya harusi zetu.

Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa siha na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Mtu hazioni mpaka zimeondoka. Anayekwenda jimu, na aende kwa kudumu. Anayetembea, atembee kwa kudumu. Na asiyefanya lolote ajiulize mwili huu, aliopewa kwa muda, ataurudisha kwa mwenyewe katika hali gani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu tutakazozitumia katika kumtii, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.