Kumsema Maiti: Ni Kusengenya au Ni Ushahidi?

Baada ya sala ya alasiri siku moja alinijia kijana, mwanafunzi wa chuo kikuu. Si mgeni kwangu. Alisoma juzuu chuoni mwangu alipokuwa mdogo, na bakora yangu aijua. Sasa yeye asomea historia, na mwalimu wake amemwagiza aandike habari za mashamba ya pwani hii yetu katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Alikuwa amekwisha kuzisoma nyaraka za serikali. "Maalim," akaniambia, "kule nimepata maneno ya Waingereza tu. Nimesikia kwenu mna kasha la makaratasi."

Alisikia kweli. Kasha liko, nalo limejaa hati za wakfu, za mirathi na za madeni, zote kwa herufi za Kiarabu. Nyingine zimekwisha liwa na mchwa. Baina ya hati hizo iko moja ya mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882 kwa hesabu ya Kizungu. Baba wa babu yangu ananunua shamba la minazi. Mipaka yake imetajwa, na idadi ya minazi, na kisima. Kisha, baada ya kisima, wametajwa watu saba kwa majina yao.

Wa tatu katika hao ni Faraji. Na huyo Faraji, kwa alivyonieleza marehemu nyanya yangu, ndiye babu wa babu wa jirani yangu, mtu ambaye nasali naye safu moja kila alfajiri. Barazani kwake imetundikwa nasaba ndefu, kwa hati nzuri, itokayo kwake mpaka ikafika Hadhramaut. Faraji hamo.

Basi nikamwambia kijana: Rudi wiki ijayo. Na wiki hiyo, msomaji, haikuwa nyepesi kwangu.

Jawabu lililonijia kwanza ni lile ambalo wewe pia pengine umekwisha kulisema moyoni: sitiri. Sote twajua Qur'ani inavyomfananisha msengenyaji, katika Sura ya Al-Hujuraat, na tumefunzwa tuwataje maiti wetu kwa mema. Aliyekufa hawezi kujitetea, wala hawezi kukuomba umsamehe, wala wewe huwezi kumwomba yeye. Wanaotoa hoja hii si wajinga, na mimi siwadharau.

Lakini jambo hili si la leo. Huko Misri, mwishoni mwa dola ya Mamaliki, aliishi mwanachuoni mkubwa wa Hadithi, Al-Sakhawi, aliyefariki mwaka 1497. Yeye alitunga kamusi ya watu wa karne yake, Al-Daw' al-Lami', juzuu kumi na mbili, na juzuu ya mwisho akaifanya ya wanawake watupu, zaidi ya elfu moja. (Nawataka wale wasemao kuwa wanawake wetu hawana tarikhi waitafute juzuu hiyo.) Lakini kalamu yake ilikuwa kali. Alimtaja mtu kwa mema yake na kwa mabaya yake. Mwenzake Al-Suyuti, ambaye sisi sote twamjua kwa tafsiri ya Jalalayni, akamwandikia risala ya kumchoma kwelikweli, akimlaumu kwamba kula nyama za watu amekuita tarikhi. Naye Al-Sakhawi aliandika kitabu kizima kuwajibu wale wanaoishutumu elimu ya tarikhi. Wanavyuoni wawili, mji mmoja, wakati mmoja, na kila mmoja ana hoja. Kwa hivyo usione haya ikiwa nawe umekwama hapo.

Mimi nikirejea katika elimu niliyosomeshwa, naona hivi. Watu wa Hadithi wasingaliweza kuihifadhi elimu yao lau wangalikaa kimya juu ya wafu. Wametunga vitabu vikubwa vya kuwapima wapokezi: huyu mkweli, huyu alisahau uzeeni, huyu mwongo. Waliambiwa zamani zile zile kwamba huko ni kusengenya. Wakajibu kuwa ni nasaha, maana anayenyamaza juu ya mpokezi mwongo amewadhulumu wote watakaoamini maneno yake. Na Imamu Nawawi, alipozihesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, aliitia humo haja ya kuwatahadharisha watu. Kwa hivyo mlango uko, ila hauingiwi bila ya haja.

Na hapa ndipo penye kazi. Haja ya mwanachuoni wa Hadithi ni dini ya watu. Je, haja ya kijana mwenye daftari, anayetaka shahada, ni ipi?

Sitaki tuipuuze kazi ya hawa watu wa vyuo vikuu, kwani wengi wetu twaidhani ni kukariri tarehe za Wareno. Chukua mfano wa Kilwa. Tarikhi ya Kilwa tunayo katika kitabu cha Kiarabu ambacho nakala yake ilifika mikononi mwa balozi wa Kiingereza Unguja, John Kirk, mwaka 1877, na leo iko London. Tunayo pia katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichopigwa chapa mwaka 1552. Riwaya hizi mbili hazikubaliani katika hesabu ya masultani. Katika miaka ya 1960 akaja Neville Chittick, akachimba Kilwa, akapata sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, akapima tabaka za udongo na vigae, akasema sultani huyu ni wa mwisho wa karne ya kumi na mbili. Watu wakapokea. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, ndogo ndogo kama kucha, na baina yake mna jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu za ng'ambo, ambazo hakuna hata moja iliyopita karne ya kumi na moja. Ikambidi sultani yule arudishwe nyuma zaidi ya miaka mia.

Hebu itazame kazi hiyo. Kitabu kilisema, jembe likasahihisha, kisha jembe la pili likalisahihisha la kwanza. Hakuna aliyetukanwa. Nasi tuliosoma elimu ya sanadi hatuna haki ya kulionea ajabu jambo hilo: kila habari yaulizwa, umeipata kwa nani, na yeye kwa nani, na je, yawezekana? Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, aliwalaumu watu wa tarikhi waliopokea kuwa jeshi la Nabii Musa lilikuwa la watu laki sita na zaidi, bila ya kujiuliza jeshi hilo lingesimama wapi na lingelishwa nini.

Na juu ya nasaba pia wamekwisha sema. Mwaka 2023 ilitoka kazi ya wataalamu waliopima mifupa ya kale ya makaburi ya miji ya pwani. Wakaona kuwa asili za kike za watu wale aghlabu ni za Kiafrika, na za kiume kwa sehemu kubwa ni za Uajemi, mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000. Ilipotangazwa habari hii, waliokuwa wakisema "sisi ni Washirazi" wakashangilia, na waliokuwa wakisema "nyinyi ni Waafrika" wakashangilia vile vile. Kila mmoja alisoma nusu. (Ama kuyafukua makaburi ya Waislamu kwa ajili ya kupima, hiyo ni kadhia nyingine, na mimi roho yangu haijatulia nayo. Mfupa wa maiti una heshima yake.)

Lakini mfalme wa Kilwa ni mtu wa mbali. Faraji mjukuu wa mjukuu wake naamkiana naye kila siku. Kusahihisha tarehe ya sultani hakumwumizi mtu. Kulitoa jina la Faraji kutaitikisa nyumba moja ninayoijua mlango wake.

Usiku wa tatu au wa nne niliitoa tena ile hati, nikaisoma chini ya taa, na safari hii nilisoma pole pole kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wasome. Nikajiuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: mimi hapa namsitiri nani?

Faraji amefanya kosa gani katika karatasi ile? Hakuuza, hakununua, hakutia sahihi. Ametajwa tu, baada ya kisima. Sharia haikumruhusu mtu kumkamata mtu huru akamwuza. Na aliyeitoa thamani ya mtu huru akaila, twajua ameonywa kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wake siku ya Kiyama. Wengi walioletwa pwani yetu karne ile walitekwa bara, upande wa Ziwa Nyasa na kwingineko, vijiji vikavamiwa usiku. Nani aliyeuliza ilikuwa vita gani na kwa sababu gani? Mwanachuoni Ahmad Baba wa Timbuktu alikwisha liandika hilo mwaka 1615, kwamba weusi wa mtu si sababu ya kumilikiwa. Hati ile haikuuliza. Mashahidi wake wawili walikuwa watu wa msikiti, na mnunuzi wake ni baba wa babu yangu, ambaye mimi naitwa kwa jina lake.

Basi aibu iliyomo katika kasha ile ni yetu sisi. Nami wiki nzima nilikuwa nikijiambia namhurumia jirani.

Na tazama vile mambo yalivyogeuka. Utumwa ulifutwa kwa amri Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini aliyefichwa mpaka leo ni aliyenunuliwa. Aliyenunua ana mtaa, ana wakfu, ana jina. Kunyamaza kwetu hakukugawanya sitara sawa. Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, imetutaka tusimame kutoa ushahidi hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Nami nimeifasiri aya hiyo mbele ya watu mara nyingi, nikidhani yahusu mahakama ya kadhi.

Hata hivyo sisemi kila karatasi itupwe sokoni. Nina ugomvi na baadhi ya hawa watafiti. Wako waliokuja katika miji yetu na jawabu mfukoni, wakatafuta wazee wa kulitilia muhuri. Wako walioazima vitabu vya watu visirudi. Wengi waandika kwa Kiingereza, katika vitabu vya bei ambayo mzee aliyewapa habari hawezi kuilipa, na yeye mwenyewe afa hajui alinukuliwa vipi. Lakini si wote. Kile kitabu cha bibi watatu wa Mombasa, walichokitengeneza Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 kisha kikatoka kwa Kiswahili, na humo Bi Mishi wa Abdala, ambaye ukoo wake ulipitia utumwa, anasema mwenyewe kwa ulimi wake. Hakusemewa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Hiyo ndiyo iliyonionyesha njia. Haki ya kuitoa aibu yangu ni yangu. Haki ya kulitoa jina la Faraji si yangu peke yangu, wala si ya kijana, wala si ya chuo kikuu chake. Kwa hivyo siku moja kabla ya kijana kurudi, nikaitia ile hati katika bahasha, nikaenda kwa jirani baada ya sala ya isha, tukakaa wawili. Sikutoa hotuba. Nilimwambia: "Ndugu yangu, iko karatasi ya wazee wangu ambayo inakuhusu. Isome, kisha uniambie la kufanya. Ukisema nirudishe kasheni, nairudisha."

Akavaa miwani. Alisoma muda mrefu, kidole chake kikifuata mistari, kikapita mipaka, kikapita minazi, kikafika kwenye majina kikasimama. Mimi niliangalia chini. Ukutani nyuma yake ilikuwapo ile nasaba, nami sikutaka macho yangu yaiendee.

"Haya ya Faraji," akasema, "mama alinambia nikiwa na miaka kumi. Akanambia nisiwaambie nyinyi." Akairudia karatasi. "Mimi nataka kujua hawa sita wengine. Walikwenda wapi?"

Sikuwa na jawabu. Miaka yote hati imo nyumbani kwetu, sikuwahi kuuliza.

Asubuhi kijana alipokuja tulikaa watatu. Jirani alimtaka asiliandike jina lake yeye, kwa ajili ya binti zake ambao bado hawajaolewa. Alitamka hilo kwa uchungu, na mimi nilielewa kwa nini. "Lakini Faraji mwandike," akasema. Kisha akanielekezea kidole. "Na baba wa babu yake huyu mwandike pia, kwa jina lake kamili."

Nikamtamkia kijana jina, herufi kwa herufi, akaandika.