Magonjwa ya Zinaa: Mtoto Wenu Atamwambia Nani?



Mama mmoja ametuandikia barua ndefu. Mwanawe ana miaka 16 na anasoma katika shule ya bweni. Alipokuja nyumbani kwa likizo, mama alifungua sanduku lake ili amfulie nguo, na ndani ya soksi akakuta kapsuli za rangi mbili zilizofungwa kwa karatasi ya daftari. Alipombana, kijana alikiri kwamba anasikia uchungu akikojoa, na kwamba rafiki yake ndiye aliyemnunulia dawa hizo dukani. Usiku mama akamweleza mumewe. Mume akajibu, "Huyo ni mtoto wako, wewe ndiye uliyemdekeza." Tangu siku hiyo hasemi na mtoto kabisa, na mkewe anamsemesha habari za chakula tu. Mama anauliza: nifanye nini ili amani irudi katika ndoa yangu?

Mama, habari za ndoa yako nitazijibu. Lakini kwanza tumtazame yule kijana. Barua yako ina kurasa nne, na hakuna mahali ulipoandika kwamba amepelekwa hospitali.

Siandiki haya kama mtu asiye na lawama. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukatekista, mvulana mmoja wa darasa la kipaimara alinisubiri nje ya kanisa baada ya mafundisho. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anatokwa na usaha. Mimi nikamfungulia Amri ya Sita. Nilisema naye karibu saa nzima juu ya usafi wa moyo, kisha nikamwagiza aende kuungama. Jumamosi nilimwona kwenye foleni ya maungamo, nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Baada ya majuma kadhaa alikosekana darasani. Nilipokwenda kwao nilikuta korodani moja imevimba hata hawezi kutembea, na mama yake akiamini ni henia. Alilazwa hospitali siku nyingi. Mtoto alikuwa amenijia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, nami sikumwuliza swali moja la ugonjwa wake.

Basi tuyaseme mambo haya kwa majina yake, baba na mama, maana watoto wetu wanayasikia kila siku katika simu kutoka kwa watu wasiowapenda.

Kisonono kwa mvulana hujionyesha upesi. Mara nyingi kabla ya juma moja kupita huona usaha na kusikia mkojo unachoma. Kwa msichana, mara nyingi hakuna dalili yoyote. Ndugu yake ni klamidia, ambayo hujificha zaidi, na wasichana wengi wanaoambukizwa hawasikii lolote. Magonjwa haya mawili yanatibika. Yasipotibiwa hupanda hadi kwenye tumbo la uzazi na mirija yake, yakaacha makovu. Miaka kumi baadaye binti huyo ni mke wa mtu, na mimba haiingii, au inatunga nje ya mji wa mimba na kuhatarisha maisha yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa msemo huo ni wa kweli neno kwa neno. Nimeketi na wana ndoa wengi wanaotafuta mtoto, mama mkwe amekwisha kumhukumu mke, na hakuna anayekumbuka kwamba chanzo kinaweza kuwa ugonjwa wa miaka ya shule, na kwamba huenda ni wa mume.

Kaswende ina hila nyingine. Huanza na kidonda kisichouma, na kidonda hicho hupona chenyewe baada ya majuma machache. Kijana humshukuru Mungu, akasahau. Kumbe ugonjwa umeingia katika damu. Baadaye vipele vyaweza kutokea hata katika viganja na nyayo, navyo huondoka. Ugonjwa waweza kukaa kimya miaka mingi na mwishowe kushambulia moyo na ubongo. Mama mjamzito mwenye kaswende aweza kumpoteza mtoto tumboni au kumzaa akiwa mgonjwa, ndiyo maana kliniki ya wajawazito hupima damu. Dawa yake ni sindano ya penisilini, na ikiwahiwa mtu hupona kabisa.

Sasa zile kapsuli za ndani ya soksi. Vijidudu vya kisonono vimezizoea dawa nyingi, na zile zilizowaponya baba zetu leo hazifai kitu. Kijana anayemeza kapsuli za kununua bila kupimwa, tena nusu ya kipimo kwa kuwa fedha hazikutosha, aweza kuona usaha umepungua wala asiwe amepona. Anahitaji kupimwa na kupewa tiba kamili, na yule aliyeambukizana naye atibiwe pia, la sivyo wataurudishiana.

Yapo pia yanayoletwa na virusi. Malengelenge ya sehemu za siri hayana dawa ya kuyamaliza, ingawa yapo matibabu ya kuyatuliza. Virusi vya papiloma, kwa kifupi HPV, vina aina nyingi. Nyingine huleta masundosundo, na nyingine huleta saratani ya mlango wa kizazi baada ya miaka mingi. Kinga yake imekuwa ikitolewa hapa Kenya tangu mwaka 2019, kwa wasichana kuanzia miaka 10. Najua wazazi wanaosema kuwa sindano hiyo ni kuwapa watoto ruhusa ya uasherati. Mtoto aliyechanjwa pepopunda hatafuti msumari wa kukanyaga. Tena fikirini: binti yenu aweza kujitunza hadi siku ya arusi, kisha akaambukizwa na mume ambaye hakujitunza. Homa ya ini aina ya B nayo huambukizwa kwa njia hii, lakini kinga yake imo katika chanjo za watoto wachanga nchini mwetu tangu mwaka 2001. Angalieni kadi ya kliniki.

Juu ya Ukimwi, ulioonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1984, sisi tuliokua miaka ya tisini tulifundishwa kwa picha za kutisha. Siku hizi mwenye virusi akimeza dawa zake vizuri huishi miaka mingi, na akifikia hali ambapo virusi havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Yapasa watoto walijue hilo, pamoja na hili: mwenye kidonda au usaha wa magonjwa niliyoyataja huambukizwa virusi hivyo kwa urahisi zaidi. Na kijana akikutwa navyo, msikimbilie kumhukumu. Wako waliozaliwa navyo, wanameza dawa kwa siri bwenini, na hawakutenda lolote.

Zamani upande wetu wa Mlima Kenya mzazi hakusema mambo haya na mtoto wake. Yalikuwa ya nyanya, ya shangazi, ya wazee waliokaa na vijana baada ya tohara. Leo nyanya yuko mbali, na tohara inafanywa hospitali asubuhi, jioni kijana yuko nyumbani. Parokia nyingi zimeanzisha kambi za Desemba za kuwafunza wavulana, ni jambo jema, lakini mafundisho ya juma moja hayawezi kuchukua nafasi ya mzazi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika waraka wake juu ya familia, kwamba malezi ya jinsia ni haki na wajibu wa wazazi. Papa Fransisko naye aliligusa jambo hilo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia.

Na kabla ya kusema na mtoto, mume na mke mwasemezane. Hapo ndipo kazi ilipo. Mimi na mama watoto tulibishana jioni tatu juu ya maneno tu. Katika lugha yetu ya nyumbani hakuna jina la viungo hivi ninaloweza kulitamka mbele ya mama mkwe, na mwishowe tukaamua kutumia Kiswahili, uume na uke, kama kitabu cha shule. Tulicheka sana jioni ya tatu. Baada ya kucheka ikawa rahisi.

Waambieni kwamba kungoja hadi ndoa, na kuwa mwaminifu ndani yake, ndiyo njia tunayofundishwa na Kanisa, na kwamba mwili wao ni hekalu la Roho Mtakatifu kama Paulo alivyowaonya Wakorintho. Lakini msiitetee kweli kwa uongo. Watauliza juu ya kondomu. Nimewasikia viongozi wenzangu wakiwaambia vijana kwamba ina matundu. Si kweli. Ikitumiwa vizuri hupunguza sana hatari ya kisonono na ya virusi vya Ukimwi. Haiondoi hatari yote, hasa ya magonjwa yanayopita kwenye ngozi isiyofunikwa, kama malengelenge na HPV. Semeni hivyo hivyo, kisha mweleze kwa nini Kanisa linamwita kwenye kitu kikubwa zaidi. Mtoto akikukamata katika uongo mmoja, hata yale ya kweli hatayasikia.

Tena wako watoto ambao hawakutaka. Mtoto akibakwa, hata kama ni na mjomba au mtu wa kanisa, apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Ikiwezekana asioge kwanza. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Kukutana na wazee na kupatana kwa mbuzi, wakati sheria ya makosa ya kujamiiana iko tangu 2006, ni kumuuza mtoto.

Sasa nirudi kwako, mama, na kwa mzee mwenzangu ambaye natumaini atasomewa ukurasa huu. Bwana, kijana ni wa nyumba yenu nyote wawili. Ukimwambia mkeo "mtoto wako", umemwacha yeye mjane na kijana yatima ungali unakula mezani. Kesho asubuhi mpeleke wewe mwenyewe. Keti naye kwenye benchi, hata msiposema neno. Mhudumu akitaka kumwona peke yake, toka nje, ili kijana aseme yote. Akubali kupimwa kaswende na virusi vya Ukimwi pia. Maonyo yako yana siku yake, na maungamo yana siku yake, lakini kesho ni ya daktari.

Mkirudi nyumbani litabaki jambo moja. Kuna binti wa watu mahali fulani ambaye huenda ana ugonjwa huu na hasikii chochote. Msimlazimishe kijana amtaje mbele yenu. Mwambieni amweleze mhudumu, aulize jinsi ya kumpelekea habari ili naye atibiwe. Labda mama yake naye anamfulia nguo za shule leo, na katika sanduku lake hatakuta kitu.