Haki ya Mwili kwa Mwenye Kujipunguza

Ama baada. Mtu aliyenenepa akataka kupunguza mwili wake hana lawama. Lawama iko kwa yule ajinyimaye chakula mchana kutwa pasi na nia ya saumu, usiku akatosheka na kahawa na tende moja, na alfajiri magoti yakamtetemeka katika sala. Naye hudhani hiyo ni zuhudi!

Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliweka kipimo: matonge machache ya kuusimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi kuzidisha, basi thuluthi ya tumbo ni ya chakula, thuluthi ya maji, na thuluthi ya pumzi. Watu wameishika thuluthi wakausahau mgongo. Matonge yasiyousimamisha mgongo hayajafika kipimo.

Na Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kukesha kwa ibada. Salman alipoandaliwa chakula alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Abu Dardaa akala. Kisha akamweleza kuwa nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Na Mtume alipopewa khabari alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada haikuiondoa haki hiyo, kitambi kitaiondoaje?

Mwili uliokatiwa chakula hauyeyushi mafuta tu, bali hula na nyama yake wenyewe. Basi na apunguze sukari ya chai, maandazi na samli ya pilau. Samaki, kunde na mboga asijinyime. Na mwenye maradhi ya sukari atumiaye dawa amwulize tabibu kwanza, kwani njaa yaweza kumwangusha njiani.